Fundi Alipie Nyundo? Kuhusu ada za majukwaa ya michezo ya mezani na wanaojitolea kuyajenga

Mwaka juzi nilitengeneza karatasi ya mhusika, yaani fomu ya kompyuta inayobeba namba za mhusika na kuzipigia hesabu, kwa ajili ya mchezo mdogo tuliokuwa tukicheza watu watano kila Ijumaa usiku kupitia intaneti. Jukwaa lenyewe, yaani tovuti tuliyokuwa tukichezea, silitaji. Kazi ile ilinila wikiendi tatu, na ilipokamilika niliigawa bure, kama wafanyavyo wengine. Watu nisiowajua wakaanza kuitumia. Miezi minne baadaye kundi letu likapumzika, nikaacha kulipa ada ya mwezi. Haikupita wiki, mtu mmoja akaniandikia kwa adabu zote: ndugu, kile kisanduku cha madhara ya upanga kinatoa hesabu ya makosa kwa baadhi ya wahusika, tafadhali kiangalie. Nikaenda kukiangalia. Mlango umefungwa. Ili nirekebishe kitu nilichokigawa bure, nilitakiwa kwanza nilipe.

Nilipowasimulia wenzangu kwenye kundi la WhatsApp, zogo likazuka. Mmoja akasema nani alikutuma, si ulijitolea mwenyewe? Wa pili akasema hao ni wanyonyaji, wakulipe wikiendi zote tatu. Wa tatu akaingiza sakata la leseni za mchezo wa Dungeons & Dragons la mwaka 2023. Wa nne akauliza: kwani haya mambo si ni chanzo huria, yaani kazi iliyoachwa wazi kwa yeyote kuitumia na kuibadilisha, kila kitu bure? Kesho yake nikausoma upya ujumbe wote kwa utulivu, na nikaona tulichokuwa tukifanya. Kila mtu alikuwa akizungumzia malipo ya aina yake, huku akidhani sote tunazungumzia malipo yaleyale.

Makala hii ni jaribio la kuyatenganisha.

Kwanza, karatasi ni nini?

Mchezo wa mezani ni mchezo wowote mnaoukalia mkiwa mmezunguka meza au mkeka: karata, drafti, dhumna, ludo, bao. Ndani ya familia hiyo kuna tawi linaloitwa michezo ya kuigiza uhusika. Huko hakuna anayemfunga mwenzake. Mmoja huwa msimulizi, anaeleza mliko na kilicho mbele yenu. Waliobaki kila mmoja anambeba mhusika wake, anasema anachotaka kufanya, na pale penye shaka dadu ndiyo huamua. Mkongwe wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974.

Kila mhusika ana karatasi yenye sifa zake kwa namba. Tuseme wako ana nguvu 16. Kanuni ya siku hizi inasema: toa 10, gawa kwa 2, na kama kuna nusu ishushe. Kwa hiyo 16 inakupa nyongeza ya 3. Unataka kuvunja mlango? Unarusha dadu yenye pande 20, unajumlisha 3, na msimulizi analinganisha na ugumu wa mlango. Dadu imetoa 11, jumla 14. Mlango una ugumu wa 15. Umebaki palepale, na bega linauma.

Mezani hesabu hiyo mnaifanya kichwani huku mnatafuna karanga. Mkihamia kwenye intaneti, lazima mtu awe ameiandika kwa lugha ya kompyuta: kisanduku cha nguvu kiko hapa, kitufe cha kurusha dadu kiko pale, na ukikibonyeza jumla inatokea mbele ya wote. Karatasi moja nzuri inaweza kuwa na mamia ya visanduku vya namna hiyo, na kila kimoja kinategemea kingine.

Jukwaa, basi, ni tovuti au programu inayowapa meza hiyo ya mbali: ramani, dadu, karatasi, mahali pa kuongea. Roll20 ilianza mwaka 2012 kwa michango ya watu kupitia Kickstarter. Foundry ilitoka mwaka 2020, wakati dunia imefungiwa ndani na meza za kweli zimepigwa marufuku. Board Game Arena ni ya Wafaransa, ilianza mwaka 2010, na kampuni kubwa ya michezo ya Asmodee iliinunua mwaka 2021. Tabletop Simulator yenyewe inaiga meza kwa umbo na uzito, hadi mchezaji akikasirika anaweza kuipindua meza nzima. (Nimeona ikipinduliwa. Ni raha.)

Sasa, michezo ya kuigiza uhusika ipo mingi mno. Mkubwa mmoja unajulikana kila mahali, lakini nyuma yake kuna msururu wa midogo, mingine wachezaji wake hawajazi daladala. Hakuna kampuni itakayomwajiri mtu aandike karatasi kwa ajili ya mchezo wa watu hao. Hapo ndipo anapoingia yule ninayemwita mtengenezaji wa kujitolea: mchezaji wa kawaida anayejua kidogo kuandika msimbo (maagizo kwa lugha ya kompyuta), anayeifanya kazi kwa sababu yeye na wenzake wanaihitaji, kisha anaiacha wazi kwa yeyote. Hazina ya karatasi za Roll20 imejaa kazi za watu wa aina hii, kwa mamia, nazo zimewekwa hadharani chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzichukua na kuzibadilisha.

Ubao kwenye kibaraza

Chukua kibaraza cha bao, popote pale kati ya Lamu na Kilwa. Mwenye nyumba ana kibaraza, anauza kahawa na kashata. Kuna wachezaji, na kuna watazamaji ambao kazi yao ni kumsahihisha anayecheza. Siku moja anakuja mtu na ubao wa mvule aliouchonga mwenyewe: mashimo 32, safu nne za mashimo manane, zile nyumba mbili za mraba zimekaa sawasawa, na mfuko wa komwe 64. Anauweka pale, anasema chezeni. Watu wanaongezeka, na birika linajazwa mara tatu jioni moja badala ya mara moja.

Je, mwenye kibaraza amtoze mchongaji?

Inategemea anamtoza kwa ajili ya nini. Akinywa kahawa, alipe kahawa kama wenzake. Kuchonga ubao hakumfanyi mtu asiwe na koo. Akianza kuleta mbao na kuziuza palepale kibarazani, mwenye kibaraza akimwambia "nikatie kidogo" hakuna atakayeshangaa, watabishania kiasi tu. Lakini tuseme ubao ule haujamalizika, na mchongaji anakaa kwenye kona na patasi yake, anausugua ili kesho uachwe pale kwa ajili ya wote. Mwenye kibaraza akija na kusema "hapo ulipokaa na patasi ni shilingi kadhaa kwa mwezi", wazee watainua macho kutoka kwenye mashimo.

Ni malipo matatu: ya kucheza, ya kuuza, ya kutengenezea. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa limeyatia yote kwenye chungu kimoja na kukoroga.

Mfano wa kibaraza una mahali unapovunjika, na afadhali niseme mapema kabla hujanikamata. Mvule ukishachongwa umechongwa. Hauhitaji kuchongwa upya kila mwenye nyumba anapopaka chokaa ukuta. Karatasi ya kwenye jukwaa ndiyo inayohitaji kuchongwa upya: kampuni ikibadilisha namna ukurasa unavyojengwa, kitufe kilichokuwa kikifanya kazi miaka miwili kinakufa usiku mmoja, na ujumbe wa malalamiko unakwenda kwa aliyeitengeneza. Kwa hiyo kujitolea huku hakuishi siku ya kukabidhi. Ni kama kumchimbia jirani kisima kisha ukawa wewe ndiye unayeitwa kila kamba inapokatika.

Malipo ya kucheza, na malipo ya kuuza

Malipo ya kucheza nitayapita haraka kwa sababu hayana ugomvi mkubwa. Karibu kila jukwaa lina sehemu ya bure na sehemu ya kulipia, au linauzwa mara moja. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha tovuti, zinagharimu, umeme unagharimu, watu wanaojibu barua pepe za wateja wana kodi ya nyumba. Anayetaka nafasi zaidi ya kuhifadhi ramani zake alipe. Awe mtengenezaji au asiwe, siku anapokaa kucheza yeye ni mchezaji.

Malipo ya kuuza ndiyo yaliyoleta makelele makubwa zaidi magazetini, na ndiyo yanayowachanganya watu hadi leo.

Kuna duka la mtandaoni liitwalo DMs Guild, lililofunguliwa mwaka 2016. Hapo shabiki anaweza kuuza hadithi au kanuni alizozitunga ndani ya ulimwengu wa Dungeons & Dragons, akitumia majina na miji ambayo kisheria si yake. Anabaki na nusu ya mauzo. Nusu nyingine wanagawana mwenye mchezo na mwenye duka. Nusu ni kubwa? Ni kubwa. Lakini hakuna anayelipa kitu kabla ya kuuza, na anachopewa kwa kubadilishana ni ruhusa ambayo asingeipata kwingine.

Aprili 2015, kampuni za michezo ya kompyuta za Valve na Bethesda zilijaribu kitu kama hicho kwenye mchezo wa kompyuta wa Skyrim. Kwa miaka, wachezaji walikuwa wakitengeneza nyongeza na kuzigawa bure. Ghafla zikaruhusiwa kuuzwa, mtengenezaji akipata asilimia 25 tu. Mpango ule haukumaliza wiki. Wachezaji waliandamana kwa maneno hadi ukafutwa na waliokwisha kununua wakarudishiwa pesa zao.

Kisha Januari 2023. Wizards of the Coast, kampuni inayomiliki Dungeons & Dragons, ilikuwa tangu mwaka 2000 na leseni ya wazi iliyowaruhusu wengine kutunga na kuuza kazi zinazotumia kanuni zake. Rasimu ya leseni mpya ikavuja. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachotaka wenye mapato ya zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka walipe hadi asilimia 25 ya kinachozidi hapo. Wachapishaji wakaja juu, wachezaji wakafuta usajili wao wa kulipia, na tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma: leseni ya zamani ikabaki kama ilivyokuwa, na kanuni za msingi zikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kunyang'anywa tena.

Utaona kwamba visa vyote vitatu ni vya mtu anayeuza. Yule rafiki yangu aliyeleta sakata la 2023 kwenye hoja yangu alikuwa sahihi kuhusu sakata lenyewe, ila halikunihusu. Mimi sikuuza kitu. Hakuna asilimia 25 ya sifuri.

Malipo ya kutengenezea

Hapa ndipo penye mfupa.

Kwenye Roll20, kwa miaka mingi, uwezo wa kuandika karatasi yako mwenyewe na kuijaribu umekaa kwenye daraja mojawapo la usajili wa kulipia, liitwalo Pro, ambalo limekuwa likigharimu kiasi cha dola 10 kwa mwezi. Ukishaiwasilisha karatasi yako na ikakubaliwa, inaingia kwenye orodha ambayo hata asiyelipa senti anaweza kuitumia. Asiyelipa anapata karatasi bure. Kampuni inapata mchezo mpya kwenye orodha yake, na orodha ndefu ndiyo inayovuta wateja. Aliyetengeneza ndiye pekee kati ya hao watatu ambaye risiti imeandikwa jina lake.

Sasa tusikimbilie hukumu. Kwenye daraja hilohilo la Pro kuna kitu kingine, hati za msimbo zinazoendesha mambo nyuma ya pazia: kuhesabu zamu, kusogeza mazimwi, kupunguza uhai wa adui. Hizo zinafanya kazi kwenye seva za kampuni. Kila sekunde inapozunguka hati ya mtu, mashine ya kampuni ndiyo inayotoa jasho, na mtu akiandika hati mbovu inayojizungusha bila kikomo, mashine ya kampuni ndiyo inayoumia. Kutoza hapo kuna mantiki. Karatasi ya mhusika ni habari nyingine: hesabu yake kwa sehemu kubwa inafanyika ndani ya kivinjari cha mchezaji, kwenye kompyuta yake, kwa umeme wake. Kampuni inaihifadhi na kuituma kama inavyotuma picha. Kuviweka vitu hivi viwili kwenye bei moja ni rahisi kwa mhasibu, lakini gharama zake si ndugu.

Wengine wameamua vipi?

Foundry inauza leseni kwa takriban dola 50, mara moja, na katika kundi ni msimulizi peke yake anayeihitaji. Wachezaji wengine wanaingia bure. Moduli zake nyingi, yaani vifurushi vya nyongeza, zimetengenezwa na watu wa kujitolea, nao wanahitaji leseni kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo huko pia mtengenezaji analipa! Jambo hili husahauliwa na wale wanaoitaja Foundry kila siku kama pepo ya watengenezaji. Tofauti ni kwamba nyundo ukishainunua ni yako. Ukipumzika mwaka mzima, ukirudi bado ipo kwenye sanduku. Kisa changu cha mlango kufungwa kisingetokea. Tabletop Simulator iko hivyohivyo: unanunua mchezo mara moja, kisha unatengeneza unachotaka.

Kuna Vassal, mkongwe wa chanzo huria aliyezaliwa na wapenzi wa mchezo mmoja wa vita vya ubaoni. Huko hakuna anayelipa chochote, mchezaji wala mtengenezaji. Sura yake ni ya kizamani, na kujifunza kuijengea moduli kunahitaji subira ya mvuvi wa ndoana. Lakini mlango wake haujawahi kufungwa kwa ajili ya pesa.

Na kuna Board Game Arena, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyolifikiria jambo hili vizuri zaidi, ingawa nayo ni kampuni ya biashara. Imetenga karakana kabisa, iitwayo Studio, kwenye anwani tofauti na ile ya kuchezea. Yeyote anajisajili bure. Anapewa akaunti kadhaa za majaribio, ili aweze kucheza dhidi ya nafsi yake: kwenye dirisha hili yeye ni mchezaji wa kwanza, kwenye dirisha lile ni wa pili, anajifunga mwenyewe usiku kucha mpaka ahakikishe mchezo hauna kasoro. Mchezo ukiwa tayari, na mwenye hakimiliki akiwa ameridhia, unahamishiwa uwanjani. Huko uwanjani ndiko kampuni inakouza usajili wake.

Yanayosemwa sana

"Si ulijitolea? Nyamaza." Hoja hii inasikika kuwa na nguvu mpaka uitafakari. Kujitolea ni kutoa muda wako bila kudai ujira. Hakuna mahali neno hilo lilipobeba maana ya kulipia pia nafasi ya kutoa. Anayechangia damu halipi sindano. Watu wakijitokeza kusafisha mtaro wa mtaa, mwenyekiti hawauzii mafagio; akifanya hivyo, mwezi unaofuata atausafisha na familia yake.

"Ni chanzo huria, kwa hiyo hakuna anayepaswa kulipa popote." Leseni ya wazi inahusu kilichokwisha kutengenezwa: nani anaweza kukinakili, kukibadilisha, kukigawa. Haisemi lolote kuhusu karakana. Mapishi ya pilau ni ya kila mtu, lakini jiko ni la mwenye jiko. Ndiyo maana msimbo wa karatasi unaweza kuwa wazi kwa dunia nzima huku mahali pekee pa kuujaribu pakiwa nyuma ya malipo.

"Dola 10 ni pesa gani?" Husemwa na anayelipwa kwa dola. Kwa Tanzania ni zaidi ya shilingi elfu ishirini kila mwezi, na kabla ya kiasi kuna njia: kadi inayokubalika nje. Kenya tangu mwaka 2022 kuna kadi pepe ya Visa ndani ya M-Pesa, mambo yamekuwa mepesi. Si kila mahali pana wepesi huo. Na hapa kuna jambo lisilotajwa kwenye mabishano haya. Ada ya karakana inachagua nani atakuwa fundi. Michezo itakayotengenezewa karatasi nzuri ni ile inayochezwa na watu wenye kadi, na lugha itakayotumika kwenye visanduku ni lugha yao. Atakayetaka "Strength" isomeke "Nguvu" analipia neno hilo kila mwezi.

"Basi kampuni iwape wote usajili wa bure na mambo yaishe." Hili ndilo nililoliamini mimi mwenyewe, mpaka nikasoma kisa cha AOL.

Kilichoipata AOL

Miaka ya 1990 AOL ilikuwa ndiyo mlango wa intaneti kwa mamilioni ya Wamarekani, na hadi mwishoni mwa mwaka 1996 wateja wengi walilipia kwa saa. Vyumba vyake vya mazungumzo vilisimamiwa na maelfu ya watu wa kujitolea walioitwa viongozi wa jamii. Waliwakaribisha wageni, waliwatuliza wenye matusi, waliwafundisha wasiojua. Hawakupewa mshahara. Walipewa akaunti ya bure au ya punguzo, na wakati saa moja inalipiwa, hiyo haikuwa zawadi ndogo.

Pole pole kampuni ikaanza kutaka utaratibu: zamu zenye saa, ripoti baada ya zamu, mafunzo kabla ya kuanza. Mwaka 1999 baadhi ya waliokuwa viongozi hao wakaenda mahakamani New York. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa. Tuna zamu, tuna ripoti, tuna wakubwa, na tunalipwa kwa kitu chenye thamani. Sisi ni wafanyakazi, na tumelipwa chini ya kima cha chini. Sheria ya Marekani ya ujira na saa za kazi, ya mwaka 1938, kimsingi haimruhusu mtu "kujitolea" kwenye kampuni ya kutafuta faida. Kesi ikaburuzwa zaidi ya miaka kumi, ikaisha kwa maelewano mwaka 2010, AOL ikikubali kutoa dola milioni 15.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mwanasheria wa jukwaa la michezo. Mtengenezaji anakuandikia: nipeni Pro bure kwa sababu nawafanyia kazi. Kwako sentensi hiyo ina maneno mawili ya hatari, "nipeni" na "kwa sababu". Ukikubali, ukaongeza masharti kwamba lazima ajibu malalamiko ndani ya siku saba na awasilishe angalau karatasi moja kwa mwaka, umeanza kujenga kitu kinachofanana na ajira, na ujira wake ni usajili. Nadhani hii ni sababu mojawapo inayofanya kampuni nyingi za Marekani zitoe shukrani nyingi, beji ya rangi kwenye wasifu, na kisha kimya.

Ndiyo maana siku hizi siungi mkono zawadi ya usajili. Ninachoona kina maana ni karakana iliyo wazi kwa kila mtu, anayejua msimbo na asiyejua, bila kuomba, bila masharti na bila shukrani. Mahali pa kuandika karatasi na kuijaribu, basi. Hakuna kiungo cha kualika wenzako, hakuna kuhifadhi ramani, hakuna meza ya watu wanne. Wanaoogopa kwamba wajanja watajiita mafundi ili wacheze bure wana hofu ya kweli, lakini tiba yake ni hiyohiyo: chumba chenye patasi na meza moja hakimfai mtu aliyekuja kucheza bao. Na kwa kuwa kiko wazi kwa wote, si ujira wa mtu yeyote.

Gharama iliyobaki kwa kampuni ni ya binadamu. Kila karatasi inayowasilishwa, lazima mtu aikague isije ikabeba msimbo wa wizi au picha iliyoibwa. Kazi hiyo haionekani, haina sifa, na anayeifanya analipwa mshahara. Wanaosema wa kujitolea wanaipa kampuni kazi ya bure wanamsahau huyu. Lakini yeye anafanya kazi baada ya mlango, kwenye mapokezi. Kumtoza fundi mlangoni hakumpunguzii foleni. Kunamletea tu foleni ya wale walioweza kulipa.

Kuhusu karatasi yangu. Leseni yake ilikuwa ya wazi, kwa hiyo sikulazimika kulipa, na mtu mwingine hakulazimika kuniomba ruhusa. Mchezaji mmoja ambaye usajili wake ulikuwa hai aliichukua, akatafuta kosa, akaniandikia kunionyesha. Wahusika wenye nguvu walikuwa salama. Kosa lilikuwa kwa wanyonge. Mwenye nguvu 7, ukitoa 10 unapata hasi 3, ukigawa kwa 2 ni hasi moja na nusu, na kanuni inasema nusu ishushwe, yaani iende hasi 2. Mimi nilikuwa nimeiambia kompyuta iikate nusu badala ya kuishusha, ikabaki hasi 1, na kwa miezi minne kila dhaifu mwenye namba ya witiri kama hiyo aliyeshika upanga alipata nyongeza asiyostahili. Alibadilisha neno moja. Jina langu bado lipo juu ya karatasi ile na lake liko chini yangu. Ada ya mwezi huo alilipa yeye.